Mlango wa Mtetea

Mimi ni fundi seremala wa chuo, Tartu.
Natengeneza madawati, naziba madirisha yanayovuja baridi.
Januari ile Leelo Vahtramäe alishuka karakana,
theluji mabegani, mchoro mkononi,
akasema: Kaupo, nitengenezee mlango
ambao kuku anaweza kuusukuma
nami naweza kuuongezea uzito.

Nikacheka. Kuku ana shida gani na mlango?
Akasema, hilo ndilo ninalotaka kumwuliza.

Nikauchonga kwa mbao ya betula,
bawaba mbili za shaba, kisahani cha kubebea vyuma.
Upande huu, sakafu tupu ya waya.
Upande ule kiota: konzi mbili za majani makavu, giza kidogo.
Chakula hakuna upande ule. Alinisisitizia hilo.
Chakula kingetia uongo katika jibu.

Wiki ya kwanza, gramu mia.
Wiki ya tatu, mia tano.
Watetea walipokaribia kutaga walikuja mlangoni,
wakatanguliza kifua,
kama mwanamke mwenye ndoo mbili
anayefungua mlango kwa bega.
Leelo alishika saa, akaandika.
Hakuwapa majina. Jina, alisema, litanifanya nimpendelee,
nami nataka hata asiyewapenda aniamini.

Namba Kumi na Nne alikuwa mwembamba, kilemba kimelala upande.
Siku ya gramu elfu moja na mia tano,
karibu uzito wake mwenyewe,
alisukuma, akateleza, akarudi nyuma,
akautazama kwa jicho moja,
kisha kwa jingine,
kama mtu anayesoma hati ya mkopo.
Akaja tena.
Bawaba zililia. Nilikuwa nimezipaka mafuta jana yake
na bado zililia.
Akaingia. Giza likamfunika.
Nikajikuta nimevua kofia.

Mtetea hutetea: hivyo nilijua tangu utoto,
kelele za uani baada ya yai.
Sikujua kwamba kabla ya yai
ana kesi nzima ya kutetea,
na huitetea kimya, kwa kifua.

Mei, Leelo naye alipotetea tasnifu, nilikaa safu ya nyuma.
Mlango wangu ulikuwa juu ya meza, mbele ya jopo,
unaonekana mdogo kuliko nilivyoukumbuka.
Profesa Kangro alipekua kurasa, akatikisa kichwa:
Umepima nguvu, binti. Nguvu si haki.
Kutoka gramu hadi wajibu kuna mto.
Daraja lako liko wapi?

Leelo alinyamaza muda mrefu. Mtu akakohoa.

Akasema: Daraja zima sina.
Lakini nilimwuliza, Profesa, kwa lugha anayoiweza,
naye akanijibu.
Kabla sijauliza, ningeweza kusema sijui.
Sasa sina pa kujificha.

Kangro aliandika kitu. Sikuona nini.

Ndugu yangu Endel ana kuku elfu tisa kule Võru,
matundu juu ya matundu, waya chini, waya juu.
Mayai yale yamesomesha wanawe wawili,
mmoja hapahapa chuoni.
Si mtu mbaya. Mama alipougua ni yeye aliyembeba ngazini.
Jumapili hunipigia simu tukaongea habari za viazi.

Jumapili ile nilimweleza habari za mlango.
Akauliza, uzito gani?
Nikamtajia.
Akakaa kimya. Nyuma yake nilisikia feni za banda,
na chini ya feni, zile sauti elfu tisa
ambazo miaka yote nilidhani ni hitilafu ya simu.

Kisha akasema: Mbao gani?
Betula, nikasema.
Na bawaba?
Za shaba. Zipo nyingine,
kwenye kopo, karakana.